Babu hakuvuka Kagera

Najua nimekuwa kimya, na si kwa kupenda. Majaribio yalifuatana kama daladala za asubuhi, na juu yake nilikuwa na kazi moja ya historia iliyonitoa jasho kuliko zote. Jana nimeikabidhi, kwa hiyo leo napumua na naweza kuwasimulia.

Kwanza nikiri kosa. Wale tuliokaa kimbweta kimoja hapa Malimbe tangu mwaka wa kwanza mnakumbuka nilivyokuwa natamba kwamba babu yangu mzaa mama alimpiga Idi Amin. Kuna siku nilifika hadi kusema aliingia Kampala na kifaru. Sikuwa nadanganya kwa makusudi, wallahi. Nyumbani tulikua tukisikia "babu alikuwa vitani", na ukutani kuna picha yake amevaa magwanda, kifua mbele, uso umekazwa. Mengine nikajaza mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu wa semina alipotuambia kila mmoja atafute mtu aliyekuwa kwenye Vita vya Kagera na aandike maisha yake, wenzangu walihaha, mimi nikaona A hii hapa mkononi.

Jumamosi nikapanda basi hadi Magu, kama kilomita 60 kwa barabara ya Musoma. Babu nilimkuta chini ya mwembe anasokota kamba ya ng'ombe. Nikapiga goti, "Mwangaluka babu", akaitikia, bibi akaleta uji, tukaulizana habari za watu wote hadi za majirani waliohama. Halafu nikaweka simu mezani irekodi, nikauliza kwa sauti ya mwandishi wa habari: "Babu, siku ile mlipovuka mto Kagera, hali ilikuwaje?"

Akaacha kamba. "Kagera? Ule mto nimeuona mara moja tu, nilipokwenda msibani Bukoba, na vita ilikuwa imeisha zamani. Mimi vita yote nilikuwa hapo Mwanza."

Wadau, nilitamani kuzima simu. Nikakumbuka kifaru changu cha Kampala. Nikamuuliza sasa Mwanza alikuwa anafanya nini. Akasema, "Nilikuwa nalinda."

Kwa wale waliosinzia darasani, nirudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliingia eneo letu la kaskazini ya mto Kagera, na tarehe 1 Novemba serikali ya Amin ikatangaza kwamba kuanzia hapo mpaka ni mto. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, raia wakauawa na wengine wakakimbilia kusini ya mto bila kitu. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa, ndiyo ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo hata watoto wa chekechea wanaigiza. Hatimaye wavamizi wakaondoka. Januari 1979 jeshi letu likachukua Mutukula, Februari Masaka na Mbarara, Machi ikawa Lukaya, na tarehe 10 na 11 Aprili Kampala. Mapigano yenyewe yalimalizika mwanzoni mwa Juni. Hiyo ndiyo vita tunayoijua, vita ya kwenda mbele. Ina majina yake makubwa: Musuguri, Walden, Marwa, na huyu wa kwetu Usukumani, Silas Mayunga wa Maswa, aliyeitwa Mti Mkavu.

Ila jaribu kufikiria jambo moja ambalo mimi sikuwahi kulifikiria. Jeshi lilipoanza halikuwa kubwa. Ndani ya miezi michache likavimba hadi watu zaidi ya laki moja, kwa kuchota polisi, magereza, JKT na mgambo. Watu wote hao wanakula. Magari yao yanakunywa mafuta. Risasi zao zinatoka Dar es Salaam, na kutoka Dar hadi Mutukula ni mbali kuliko kutoka Mutukula hadi Kampala, tena mbali mara nyingi. Reli inafika Mwanza tu, imeishia hapo tangu 1928. Baada ya hapo ni ziwa, au ni barabara ya vumbi ya kuzunguka, na wa kuzunguka anaanza na kivuko cha pale Busisi. (Leo tunapita juu ya daraja lililofunguliwa Juni 2025 tunapiga picha. Wao walipanga foleni wakisubiri pantoni.) Kwa hiyo ukiangalia ramani vizuri, Mwanza ilikuwa koo la vita. Ukilibana koo, huko mbele mkono unalegea wenyewe.

Babu alikuwa na miaka 24. Mafunzo ya mgambo alishayapata kijijini, maana baada ya Amin kumpindua Obote Januari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na mle ndani ulinzi ukawa kazi ya kila mwananchi, si ya mwanajeshi peke yake. Babu anasema kwata walipiga jioni baada ya kutoka shamba la pamba, wakiwa na bunduki za mbao. "Tulikuwa tunachekwa na wanawake," anasema. Bibi akadakia kutoka jikoni, "Na mlistahili."

Novemba 1978 wakaitwa. Waliitwa wengi kutoka vijiji vya hapo, wakapandishwa lori hadi Mwanza. Pale wakapangwa kwa mistari. Mstari wa babu ukagawanywa katikati: nusu moja ikapelekwa kwenye meli, nusu ikabaki. Hakuna aliyepima nguvu wala akili. Ofisa alitembea akihesabu, akafika mahali akakata kwa mkono. Babu alikuwa wa pili kutoka pale mkono ulipopita. Rafiki yake waliyetoka naye kijijini alikuwa upande wa pili.

Wakampa SAR, ya kweli safari hii, na kazi: zamu ya lindo kwenye matangi ya mafuta na mabehewa. Saa nne usiku hadi alfajiri, siku nyingine mchana. Ugali na maharage, maharage na ugali. Miezi karibu minane.

Nilimuuliza kama alifurahi kubaki. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akasema wiki ya kwanza alifurahi, ya pili akaona aibu. Kila treni iliyoingia ilikuwa imejaa vijana wanaimba, wanashuka, wanapanda meli, wanawapungia mkono wale walinzi na kuwatania: nyie lindeni wake zetu. Kwa mtu wa miaka 24, tena Msukuma, hiyo inauma. "Mtu anakwenda kufa anakucheka," babu alisema, "na huwezi kumjibu."

Lakini msidhani Mwanza ilikuwa salama hivyo. Mji ulikuwa unajua ndege ni kitu gani. Septemba 1972, wafuasi wa Obote walipojaribu kuingia Uganda kutokea kwetu wakashindwa, Amin alituma ndege zikapiga Bukoba na Mwanza, na watu wakafa hapa mjini. Kwa hiyo 1978 ilipofika, watu wazima wa Mwanza hawakuhitaji kufundishwa kuogopa. Babu anakumbuka mahandaki yaliyochimbwa, taa zilizozimwa usiku, taa za magari zilizopakwa rangi hadi zikabaki kijicho. Anasema giza la mji ni tofauti na giza la kijijini. Kijijini giza ni la kawaida, umelizoea tangu utoto. Mjini lilikuwa giza la kuamriwa, na ndani yake kila kitu kinasikika.

Hofu ile ndiyo ilikuwa adui wa kweli wa watu waliobaki, na haikuwa ya mgambo tu. Mapema katika vita ile, wapiganaji wetu wa kutungua ndege pale Musoma walizidungua ndege 3 za jeshi. Zilikuwa zetu. Marubani wetu walikufa kwa mikono yetu. Nimelisoma hilo mara mbili maktaba nikidhani nimekosea. Vitabu vinalipa sentensi moja vinaendelea, maana vina haraka ya kufika Kampala. Mimi nilibaki pale Musoma. Nilikuwa namfikiria yule kijana aliyefyatua, alikaa macho usiku ngapi akiambiwa ndege za Amin zinakuja, halafu akasikia muungurumo angani. Baada ya hapo maisha yake yote aliyamaliza vipi?

Nilipomsomea babu sehemu hiyo alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema nizime simu.

Nikazima. Akanisimulia, na nilipomaliza kumsikiliza akasema hilo usiliandike. Tukala chakula cha jioni. Usiku, nikiwa nimeshalala, akagonga dirisha: "Andika. Ila andika kwamba niliogopa, usiandike kwamba nilikuwa hodari."

Basi ni hivi. Usiku mmoja usio na mwezi, kati ya Januari na Februari, alikuwa lindo upande wa ziwa. Akaona mwanga mdogo majini, ukawaka ukazimika. Kumbuka mji wote upo gizani. Akasikia kasia. Kichwani mwake tayari ni makomandoo wa Amin wanakuja kulipua mafuta. Akapaza sauti, "Simama! Nani wewe?" Hakuna jibu, kasia likaongeza kasi. Akafyatua. Anasema hakulenga, alifumba macho. Risasi ikapiga maji au ikapiga hewa, hajui. Kisha ikatoka sauti ya mtu analia, analia Kikerewe na Kiswahili kwa pamoja, anaomba asiuawe. Alikuwa mvuvi wa dagaa na mtoto wake wa kiume. Walikuwa wamezima karabai kwa kuogopa amri ya giza, lakini njaa haina amri, wakatoka. Mtoto alikuwa na miaka kama 10.

Wenzake babu wakaja mbio, wakawavuta ufukweni, wakawakagua, wakakuta wavu na ndoo. Wakawaachia. Mkubwa wa zamu akampiga babu bega akamwambia vizuri, uko macho. Babu anasema alikwenda nyuma ya tangi akatapika.

Hiyo ndiyo risasi yake ya pekee katika Vita vya Kagera. Miaka zaidi ya 45 hajawahi kumsimulia mtu, hata bibi. Bibi amejua pamoja na mimi, kwa kuwa alikuwa anasikiliza mlangoni (wanawake wa kwetu hawaachi kitu kipite).

Sasa tuje kwenye Machi. Gaddafi alikuwa ameshaleta askari wake kumsaidia Amin, na pale Lukaya tarehe 10 na 11 Machi walipigwa vibaya. Baada ya hapo Libya ikaipa Tanzania muda wa kuondoka Uganda, la sivyo itaona. Mwalimu hakuondoka. Tarehe 29 Machi 1979 ikaja ndege ya kulipua ya Libya, Tu-22, lile dude la Kirusi lenye kasi kuliko sauti. Ilitumwa kupiga nini? Ilitumwa Mwanza kupiga mafuta.

Niliposoma hilo maktaba nilisimama, mhudumu akaniuliza vipi. Ndege ile haikutafuta jenerali wala kifaru. Ilitumwa kwenye kitu ambacho babu alikuwa amesimama pembeni yake akiwa na SAR.

Haikupata. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, pale jirani na Capri Point, ambako toka 1964 serikali ilikuwa imeweka bustani ya wanyama. Mfanyakazi mmoja wa hifadhi akajeruhiwa, na swala kadhaa wakafa pamoja na ndege wa porini. Siku chache baadaye ndege zetu za kivita zikajibu ndani ya Uganda, na haukupita muda Kampala ikaanguka. Hesabu za Saanane zikawa utani wa mji. Nadhani watu walihitaji kucheka, maana wote walijua lile lengo lilikuwa wapi na lingekuwaje kama rubani angepata.

Babu anasema alisikia ngurumo bila mawingu, akatazama juu, kisha mshindo ng'ambo ya maji na ardhi ikatikisika chini ya viatu. Hakukimbia. Nikamuuliza kwa nini. "Ningekimbilia wapi? Nyuma yangu ni petroli."

Vita ilipokwisha, mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Wapiganaji wakarudi, na Mwanza ikawapokea kwa ngoma. Babu alirudishwa kijijini kimya kimya mwezi mmoja kabla yao, kwa lori lililokuwa linakwenda kuchukua pamba. Ile picha ya ukutani aliipiga studio mjini siku moja kabla ya kukabidhi magwanda. Rafiki yake wa mstari ule hakurudi. Kule Kaboya, Muleba, kuna mnara mweupe wenye majina ya askari wetu waliokufa, na makaburi. Julai 2013 Siku ya Mashujaa kitaifa ilifanyika huko, babu akaisikiliza kwenye redio kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikujua kwa nini siku ile alitukataza watoto kupiga kelele. Sasa najua.

Hakuwahi kusema kwamba alipigana. Nimewauliza mama na wajomba, wote wanakubali: neno lake siku zote lilikuwa "nilikuwa vitani". Watu walipomuuliza zaidi alibadili mazungumzo, na watu wakadhani ni unyenyekevu wa shujaa. Halafu ikaja ile miezi 18 Mwalimu aliyowaomba wananchi wafunge mikanda, ikawa miaka, sabuni ikaadimika, sukari ikaadimika, na mambo ya nani alifika wapi vitani yakawa hayana nafasi. Kila mtu alikuwa kwenye foleni.

Jenerali Musuguri, mzaliwa wa Butiama aliyeanza uaskari KAR mwaka 1942, alifariki hapa Mwanza Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, na nchi nzima ikamwaga heshima zake, kama ilivyostahili. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba yale mafuta yaliyosukuma brigedi za Musuguri kuna mtu aliyekesha nayo, akawa na aibu ya kukesha kwake, na mjukuu wake akaona aibu hiyo ni kubwa kiasi cha kumtungia kifaru.

Kwenye semina nilisoma kila kitu, pamoja na uongo wangu wa mwaka wa kwanza. Nilipofika kwenye swala wa Saanane darasa likacheka, mshikaji mmoja akauliza kama swala nao walipewa medali. Hata mimi nilicheka. Nilipofika kwenye mvuvi na mtoto wake hakuna aliyecheka. Dada mmoja kutoka Nansio, ambaye huwa hasemi kitu semina nzima, aliniuliza kama babu anakumbuka jina la yule mvuvi. Nikasema hapana, hakuwahi kulijua. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema nyumbani kwao kuna mzee mmoja ana stori ya kupigwa risasi usiku na askari wa Mwanza akiwa mdogo, yuko mtumbwini na baba yake. Wakerewe waliokuwa wanavua miaka ile walikuwa wengi, na waliokoswa na risasi za walinzi inawezekana walikuwa wengi vilevile. Atamuuliza mwezi wa Desemba akienda likizo.

Jana usiku nimempigia babu. Nimemweleza habari ya yule mzee wa Ukerewe. Hakusema kitu, nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza nauli ya meli ya Nansio siku hizi ni kiasi gani.

Nikamwambia asubiri kwanza Desemba tusikie jibu. Kwa sasa bumu likitoka nitampeleka Saanane, maana siku hizi ni hifadhi ya taifa na boti zipo, na katika umri wake wote hajawahi kukanyaga pale. Amekubali. Ameuliza tu kama swala bado wapo.